Nguo Nyeupe Mlangoni kwa Sonara

Nyumba ya sonara haifagiliwi kama nyumba nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoolewa Temeke, hata kabla sijaonyeshwa jiko liko wapi. Mama mkwe wangu, Bi Zubeida, alinishika mkono akanipeleka mpaka mlango wa chumba cha mbele, kilichokuwa duka na karakana ya mumewe, akaninyooshea kidole ufagio mdogo wa chelewa uliotundikwa peke yake msumarini. Ufagio ule haukufagia kwenda nje. Ulifagia kuja ndani, vumbi likatiwa mtungini, na mtungi ukijaa, vumbi lile huoshwa katika beseni polepole mpaka unga wa dhahabu ubaki chini. Hata maji ya kunawia mikono hayakumwagwa ovyo uani.

Na pale mlangoni, ukitoka karakana kuingia ukumbini, palitandikwa nguo nyeupe ya amerikani. Kila aliyetoka mle alisimama juu yake akakung'uta alichovaa. Mzee Muhsin, baba mkwe wangu, alikung'uta kanzu. Mume wangu Jaffar alikung'uta msuli. Mie nikakung'uta kanga. Bi Zubeida peke yake hakukung'uta, kwa sababu hakuwa akiingia. Kahawa ya mumewe aliipitisha kwa mkono huku miguu yake imebaki ukumbini. Ilikuwa desturi tu, kama kunawa kabla ya kula, na mie niliyelelewa katika duka la vitambaa la baba yangu kule Mbagala niliiona kama mchezo. Nilikung'uta kanga yangu kwa madaha, Jaffar akacheka.

Mzee Muhsin alikuwa sonara mwana wa sonara, na babu yake pia. Walianzia Unguja, wakahamia Dar es Salaam mjini, na wakati wa vita mzee akanunua kiwanja Temeke akajenga, watu wakamshangaa kufungua duka la dhahabu mashambani. Wakamfuata hukohuko. Walitoka Mtoni, Kurasini, Kipawa, wanawake wa kila kabila, na wote walifuata kitu kimoja, nacho ni mizani yake.

Mizani yenyewe ilikuwa ndogo, vile visahani vyake viwili vya shaba havikuzidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Vitu vikubwa mzee alivipima kwa mawe ya shaba yenye muhuri wa serikali. Lakini vipini, pete na herini alivipima kama walivyopima wazee wake, kwa mbegu za tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Aliweka dhahabu yako upande mmoja na mbegu upande wa pili, akakuhesabia kwa sauti hadi visahani viwe sawa. Siku ukija kuchukua kazi yako alifanya vilevile mbele ya macho yako, na hesabu ilikuwa ileile. Masonara wengine mjini walimwambia mteja kwamba moto umekula kidogo, na kweli moto hula, na kufua kunapunguza. Kwa Mzee Muhsin moto haukula kitu. "Punje kwa punje," alisema, na wanawake wakaondoka wakimwombea dua. Kila mwaka alikuja Mzungu wa serikali mwenye kaptura kukagua mizani za madukani. Aliyapima mawe ya shaba, akayapiga muhuri, akaenda zake. Mbegu hakuzigusa. Nadhani alifikiri ni shanga za watoto.

Mzee hakumruhusu mtu yeyote kugusa mizani ile. Jaffar alikaa kwenye fuawe, akapuliza moto, akafua na kusugua, lakini kupima ilikuwa kazi ya baba. "Zamu yako itafika nikifa," alimwambia, na Jaffar, mtu mzima mwenye ndevu, akarudi kwenye fuawe yake.

Akafa kweli, mwaka ule picha za Malkia mpya zilipobandikwa katika maduka yote. Bi Zubeida akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutoka chumbani mwake ila kwa haja, amevaa nyeupe, na sie wengine ikabidi maisha tuyaendeshe. Jaffar aliniomba nisafishe karakana ili afungue duka.

Nikasafisha kwa moyo wangu wote. Katika mtoto wa meza nilikuta kifuko cha mbegu, mshono umefumuka. Kisha nikauchukua mto aliokalia mzee miaka yote, nikaufungua foronya niifue, na ndani, katikati ya sufi, nikakuta kifuko kingine, na ndani yake mbegu zilezile, nyekundu na jicho jeusi. Nikajua ni za akiba. Nilikuwa na kipande cha mahameli ya kijani kilichobaki kwenye nguo zangu za harusi, nikashona kifuko kipya kizuri, nikazimimina zote humo, nikazichanganya kwa mkono. Jaffar alipokiona alikibusu. Alisema nimemtendea wema ambao hata mamake hajapata kumtendea.

Bi Zubeida alipotoka eda, baada ya kuoga na kusomewa, kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa chakula.

"Mto wa marehemu uko wapi?"

"Nimeufua, mama. Uko palepale anapokaa Jaffar sasa."

"Na kilichokuwamo?"

"Zile mbegu? Nimezitia pamoja na zile nyingine. Nimewashonea kifuko kipya."

Alishika fremu ya mlango. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Vizuri, mwanangu," akarudi chumbani. Nikadhani ni huzuni ya ujane.

Taabu ilianza na herini za jirani yetu Somoe. Jaffar alipokea dhahabu yake akaipima, akafua herini, akapima tena kabla Somoe hajaja, na hesabu ya mbegu ikapungua. Alitafuta kwenye mkeka, akatafuta chini ya fuawe, akakwangua kucha zake kwa kijiti. Akajazia kwa dhahabu ya nyumbani ili asiaibike. Usiku ule hakula vizuri. Siku chache baadaye ikawa vivyo hivyo kwa kipini cha mtu mwingine. Jioni nilipotoka kufagia karakana, nikasimama kwenye nguo nyeupe nikakung'uta kanga kama kawaida, nikaona Jaffar anaitazama kanga. Hakuwa akinitazama mie, macho yake yalikuwa kwenye pindo.

Halafu ikatokea kazi moja ambayo dhahabu ilizidi. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Jaffar alikunja uso, akaniita.

"Badriya. Nani anaingia karakana zaidi yangu?"

"Mie, nikija kufagia."

"Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi aliyechukua ameingiwa na hofu, amerudisha."

Nilicheka, nikidhani anatania. Uso wake ulinionyesha kwamba hatanii. Tangu siku hiyo ikipungua, mie nimeiba. Ikizidi, mie nimetubu. Siku ilipozidi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa maana aliona kama nimekiri kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikawa nakung'uta mara mbili. Kisha akaniambia nigeuze pindo nje. Kisha nifungue nywele nizichane pale pale juu ya nguo nyeupe, kwa kitana, huku yeye amechuchumaa anaangalia kinachoanguka. Alizoea kuaga kwamba anakwenda msikitini, akazunguka nyumba ya Somoe akarudi kwa mlango wa uani akiwa ameshika viatu mkononi. Nilipokohoa aliniuliza ninatafuna nini. Mie nami si malaika, nikaanza kumshuku yeye. Nikajiambia huyu bwana ana mwanamke pahala, dhahabu anampa yeye, na mie ananitafutia sababu. Nikanusa kanzu zake. Nikamtuma Somoe amfuate mpaka Mtoni, akarudi kuniambia kwamba mwanamume amekwenda kununua makaa, amerudi na makaa.

Aliyenitia wasiwasi zaidi alikuwa Bi Zubeida. Kabla ya hapo alikuwa mkwe kama wakwe wengine, ana maneno yake, supu yangu haina ndimu, wali wangu umekuwa bokoboko. Sasa maneno yalikwisha. Akawa ananiwekea minofu ya samaki, yeye akala vichwa. Akanipa mafuta ya nazi ya kujipaka, akanikanda mabega. Jaffar alipopaza sauti alisema, "Mwache mwenzio, baba," lakini kwa sauti ya chini isiyomzuia mtu. Na nikagundua jambo. Kila Jaffar alipomimina mbegu kwenye kisahani, zikilia ule mlio wake, Bi Zubeida aliinuka ukumbini akaenda zake uani, hata kama chai yake ilikuwa bado moto. Nikasema, huyu mama anajua kitu. Au yeye ndiye mwizi. Lakini angeibaje, na miguu yake haijapata kuvuka mlango ule?

Mwisho Jaffar aliniambia tukiwa tumekaa kitandani, bila hata kunitazama.

"Nimempelekea salamu baba yako. Atakuja Alhamisi baada ya alasiri. Nitamkabidhi mwanawe."

"Kwa kosa gani?"

"Unalijua."

"Nitashika Msahafu, Jaffar. Nipeleke msikitini, mbele ya watu, nitaapa."

"Mwenye mkono mwepesi hata ulimi wake ni mwepesi."

Nililia, siwezi kuficha. Mwanamke anaweza kurudishwa kwao kwa mambo mengi na watu wakasahau, akaolewa tena. Lakini kurudishwa na sonara! Hakuna atakayeuliza sababu, kila mtu ataijua. Baba yangu alipima vitambaa kwa mkono wake kila siku mbele ya wateja. Nani angemwamini mkono ule akisikia bintiye kaiba dhahabu? Na zaidi ya hayo nilimpenda yule mwanamume. Nilipenda hata ile harufu ya moshi kwenye ndevu zake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Alhamisi ikafika. Asubuhi nilikuwa nimefunga nguo zangu katika furushi, nimeliweka nyuma ya mlango wa chumba, nikasikia hodi ya mteja barazani.

Alikuwa Kokushubila, Mhaya, mke wa karani aitwaye Theonest, waliokaa katika nyumba mpya za serikali. Mwanamke mrefu, wa maneno yaliyonyooka. Alileta mkufu mwembamba wa dhahabu uliokatika, akataka ufuliwe msalaba mdogo na herini za duara kwa ajili ya binti yake Demetria aliyekuwa anapata kipaimara.

"Nitakaa hapahapa mpaka umalize," alisema. "Usione vibaya, baba. Kwetu dhahabu haiachwi peke yake na fundi."

"Hata kwetu," Jaffar akajibu. Kisha akageuka akaniambia kwa sauti ya kumfanya mgeni asikie, "Wewe leo usitie mguu humu."

Nikakaa ukumbini kwenye mkeka, pazia limefunguliwa, wote wawili wananiona. Bi Zubeida alikaa mbele yangu na ungo, anachambua mchele. Jaffar akaweka mkufu kwenye mizani, akamimina mbegu kutoka kifuko cha kijani, akahesabu kwa sauti, na Kokushubila akarudia kila hesabu nyuma yake kama mtoto wa shule. Bi Zubeida akainuka na ungo wake kwenda uani.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Leo kaa nami. Ndiyo siku yangu ya mwisho."

Akakaa. Mikono yake ikaendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mchele na kubakisha mawe.

Kazi ilikwenda tangu asubuhi hadi alasiri. Jaffar aliyeyusha, akamimina kwenye kalibu, akafua, akasugua. Kokushubila hakuondoa macho hata kidogo. Alikataa kahawa kwa sababu kuipokea kungemfanya ageuke. Jaffar alipomaliza, alikusanya hata unga uliodondoka akisugua, kwa manyoya ya kuku, akauweka pamoja na msalaba na herini kwenye kisahani, akaanza kuhesabu mbegu.

Zikapungua. Na hazikupungua kidogo.

"Hesabu tena," alisema Kokushubila.

Jaffar akazirudisha mbegu kifukoni, akachota nyingine, akahesabu tena. Zikazidi.

"Tena."

Akahesabu. Zikapungua, lakini si kama mwanzo.

"Baba," alisema Kokushubila, na sauti yake ilifika barabarani, "mie nimekaa hapa tangu asubuhi. Hata chooni sijakwenda. Sikukuona ukimeza, sikukuona ukificha. Sasa niambie, dhahabu yangu inakwenda matembezi ikirudi? Au mizani yako imelewa?"

Jaffar alinitazama mie, ng'ambo ya ile nguo nyeupe. Nilikuwa nimekaa palepale aliponiweka, mikono mapajani. Niliona anatafuta namna ya kunihusisha na asiipate.

Nikainuka. Sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa na hasira tu, na hasira ikaninyoosha akili. Dhahabu ni ileile, haijatoka mezani. Mizani ni ileile. Kilichobadilika kila mara ni zile mbegu anazochota.

"Nimekwambia usiingie!" Jaffar akasema.

"Tayari umeshaniita mwizi. Unataka kuniita nani tena?"

Nikaondoa dhahabu kwenye mizani nikamkabidhi mwenyewe mkononi. Nikatoa mbegu mbili kifukoni, nikaweka moja huku, moja huku. Visahani vikawa sawa. Nikatoa mbili nyingine. Kimoja kikashuka. Nikaendelea, mbili mbili, nikiziweka nzito upande wangu na nyepesi upande wa Jaffar, na kila mtu mle ndani aliona. Ukizitazama kwa makini hata macho yalikubaliana na mizani, hizi zilijaa vizuri, zile zilikuwa zimekonda kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyetafuta hawezi kuona.

"Zilikuwa vifuko viwili," nikasema. "Kimoja kilikuwa kwenye meza. Kingine nilikikuta ndani ya mto wa baba. Mie ndiye niliyezichanganya, nikidhani za akiba."

Jaffar alikuwa sonara, hakuhitaji kuelezwa. Lakini mie nilijieleza mwenyewe palepale, kwa sauti, ili nisikie. Unapokea dhahabu ya mteja kwa mbegu nzito, hesabu inakuwa ndogo. Unairudisha kwa mbegu nyepesi, hesabu inakuwa ileile. Kinachobaki katikati kinabaki nyumbani. Ndiyo maana kwa Mzee Muhsin moto haukula kitu.

Mlangoni kukawa na kivuli. Bi Zubeida alikuwa ameingia. Alikanyaga sakafu ya karakana kwa mara ya kwanza tangu niolewe, ungo bado uko mkononi.

"Jaffar," alisema polepole. "Mwambie huyu mama umekosea kupima. Mjazie, aende zake."

"Mama."

"Na baba yake huyu akija, mpe mwanawe, kama mlivyoagana. Ni msichana bado, ataolewa. Wewe utapata mke mwingine. Baba yako yuko kaburini, hana mdomo wa kujitetea. Watu wa Temeke wanamwombea dua mpaka leo. Unataka waache?"

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua toka siku ulipofua mto."

"Na kila jioni ukaniona nimesimama pale, nywele wazi, nakung'uta?"

"Ndiyo maana nilikuwa nakuwekea minofu," akasema.

Hapo nilitamani kumpiga. Namshukuru Mungu mikono yangu ilikuwa imejaa mbegu.

Kokushubila alisimama katikati yetu, dhahabu yake kiganjani, anageuza kichwa kutoka huyu kwenda yule. Jaffar alikaa kwenye mto wa babake. Alikaa muda mrefu, na wakati ule wote mie nilisubiri kusikia atalitaja jina la nani. Kama angesema ni mkewe, Kokushubila angeamini. Nani asingeamini? Sonara ana mke kijana, furushi limeshafungwa, baba yuko njiani.

"Mama," Jaffar akasema mwishowe, akimwambia Kokushubila, macho yapo sakafuni. "Dhahabu yako haikuibwa leo. Mbegu hizi alizichagua baba yangu. Nzito za kupokelea, nyepesi za kurudishia. Mke wangu hana kosa."

Alikuwa amesema. Mbele ya mtu wa nje, amemtaja babake. Nikamsamehe nusu palepale.

Mkono wa Kokushubila ukapanda taratibu mpaka masikioni, ukashika herini alizovaa.

"Hizi alinifulia yeye," akasema. "Nikampelekea na kuku wa asante."

Yule mwanamke akavifunga vitu vyake katika leso, pamoja na unga, akafunga mafundo mawili, akashuka barazani. Alipofika kwenye jua aligeuka. "Nitawaambia wenzangu wote," alisema. "Si kwa ubaya. Lakini nitawaambia." Nasi tulijua kwamba kabla ya magharibi kutakuwa na wanawake barazani, kila mmoja na herini zake mkononi.

Bi Zubeida akageuka arudi ndani. Alikuwa amezeeka ghafla, ameinama juu ya ungo. Akanyanyua mguu auvushe juu ya ile nguo nyeupe.

"Mama," Jaffar akamwita.

Akasimama.

"Kanga."

Bi Zubeida hakuelewa. Wala mie sikuelewa mara moja. Jaffar akanyoosha mkono, akauchukua ungo, akauweka chini, akamwonyesha mamake ile nguo. Na yule mwanamke, mjane wa sonara, mama wa sonara, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, akasimama juu yake akashika ncha mbili za kanga akakung'uta. Alikung'uta huku analia.

Niseme kweli, nilifurahi. Kwa kitambo nilifurahi sana, nikasema moyoni, nawe onja. Zikaanguka pumba za mchele. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jaffar alichuchumaa, akazigusa zile pumba kwa ncha ya kidole, akazitenganisha moja moja, akatazama kilichokuwa chini yake. Alikuwa na uso uleule aliokuwa akinitazamia mie jioni zote zile. Furaha yangu ikanikauka.

Nje kwenye mlango wa nyumba ikasikika sauti ya baba yangu. "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, mzee!" Jaffar akaitikia, akainuka. Alinikaribia, akatabasamu, tabasamu la zamani ambalo sikuliona miezi mingi. "Badriya, mwambie baba aingie tunywe kahawa. Kesi hakuna tena. Nilikosea kukushuku wewe peke yako. Kuanzia leo tutakung'uta sote sawa, hata mama."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Kwake yeye ile ilikuwa haki, nami niliona wazi kwamba anangoja nishukuru.

Nilimimina mbegu zote mezani, nzito na nyepesi, zikatapakaa zikaanguka chini, na kile kifuko changu cha mahameli nikakichukua. Nikaenda mlangoni. Nikaikanyaga ile nguo nyeupe kwa miguu yote miwili, nikapita ukumbini, nikachukua furushi langu nyuma ya mlango, nikatoka kwa baba yangu aliyekuwa amesimama juani anajifuta jasho, amejiandaa kusikia aibu.

"Mwanangu, umefanya nini?" akaniuliza.

"Twende, baba. Nitakueleza njiani."

Kanga yangu sikuikung'uta. Kama ulikuwamo unga wa dhahabu ndani yake, basi siku ile ndipo nilipowaibia.